Kristo Mfalme na Sheria ya Calles: Nani Alipinga, na kwa Njia Gani?

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwaka wa liturujia, parokia za Mombasa huadhimisha Sherehe ya Kristo Mfalme. Baada ya Misa, katika baadhi ya parokia Ekaristi Takatifu hutolewa kanisani na kupitishwa barabarani. Kwaya huimba, watoto hutangulia wakimwaga maua, matatu na tuktuk husubiri, na majirani zetu Waislamu husimama vibarazani kwa heshima mpaka tupite. Polisi wakija, huja kutuongozea magari. Mambo haya tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena. Mwaka jana, maandamano yalipokwisha na tukawa tunakunja vitambaa vya altare, kijana mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alinijia na swali alilokuwa amelibeba tangu alipotazama filamu moja kuhusu vita vya Meksiko vya miaka ya 1926 hadi 1929, ambamo Wakatoliki walioitwa Wakristero walishika silaha dhidi ya serikali ya Rais Calles: "Mwalimu, wale Wakristero walikuwa watakatifu au walikuwa waasi?"

Jibu nililompa pale mlangoni lilikuwa fupi, na nililijutia kabla sijafika nyumbani. Swali lake limefunga katika kifurushi kimoja watu ambao hawakufanya jambo moja: waliotia saini maombi kwa Bunge, waliomficha padre chumbani, waliobeba risasi chini ya nguo zao, na waliokufa bila kushika hata fimbo. Serikali ya Meksiko iliwaita wote waasi, na sisi Wakatoliki wa leo, kwa mapenzi mema, tuna tabia ya kuwaita wote wafiadini. Kanisa lenyewe halikufanya hivyo, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utulivu.

Kwanza kuna tarehe mbili ambazo Mkatoliki hawezi kuzisoma bila kushtuka. Sherehe ya Kristo Mfalme iliwekwa na Papa Pius XI tarehe 11 Desemba 1925, na ulimwengu uliiadhimisha kwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 31 Oktoba 1926. Jumapili hiyo, katika nchi ya Meksiko, ambako karibu kila mtu alikuwa amebatizwa Mkatoliki, hakuna padre aliyeadhimisha Misa hadharani kanisani. Watu waliingia makanisani, wakawasha mishumaa, wakasali rozari wenyewe, wakatoka. Ilikuwa hivyo kwa miezi mitatu tayari, na ingekuwa hivyo kwa karibu miaka mitatu mizima.

Ili kuelewa nchi ilivyofikia hapo, ni lazima kukiri jambo ambalo baadhi yetu hatupendi kulikiri: ugomvi wa serikali ya Meksiko na Kanisa haukuzuka hewani. Chini ya utawala wa Hispania, Kanisa lilikuwa na mashamba makubwa, majengo na fedha za kukopesha, na maaskofu walikuwa karibu mno na watawala. Katikati ya karne ya 19, wanasiasa wa mageuzi, ambaye anayekumbukwa zaidi kati yao ni Benito Juárez, walitunga sheria za kulinyang'anya Kanisa ardhi na kuitenga dola na dini, na nchi ikaingia vitani kwa ajili hiyo. Rais Porfirio Díaz, aliyetawala kwa muda mrefu baadaye, hakuzifuta sheria zile. Aliziacha zilale kitabuni. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1910, na mwaka 1913 Jenerali Victoriano Huerta alipompindua Rais Madero, ambaye aliuawa siku chache baadaye, wapo Wakatoliki wenye vyeo walioonekana kumwunga mkono Huerta. Wanamapinduzi waliomshinda hawakusahau. Walipokutana mjini Querétaro kuandika katiba mpya, iliyotangazwa tarehe 5 Februari 1917, waliingia ukumbini na hasira hiyo.

Katiba ile ilikuwa na mengi mema kwa wafanyakazi na wakulima, na si haki kulificha hilo. Lakini vifungu vyake vitano viliibana dini kwa namna ambayo haijulikani kwetu. Kifungu cha 3 kiliyaondoa mashirika ya dini katika elimu ya msingi. Kifungu cha 5 kilipiga marufuku mashirika ya kitawa. Kifungu cha 24 kilizuia ibada nje ya jengo la kanisa. Kifungu cha 27 kilifanya makanisa yenyewe, na mali nyingine zote za Kanisa, kuwa mali ya taifa. Kifungu cha 130 kilikuwa kizito kuliko vyote: Kanisa lilikoma kutambuliwa kisheria, padre alipoteza haki ya kupiga kura na ya kuzikosoa sheria za nchi, mgeni hakuruhusiwa kuwa mhudumu wa dini, na kila jimbo la nchi lilipewa uwezo wa kupanga idadi ya mapadre watakaohudumu humo.

Naomba msomaji wa pwani ayaweke masharti hayo hapa kwetu, ayaone yanavyokaa. Maandamano ya Ekaristi niliyoyataja mwanzoni yangekuwa kosa la jinai. Padre asingeweza kutoka Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu kwenye Barabara ya Nkrumah, akavuka mtaa akiwa amevaa kanzu yake. Masista wanaofundisha na kuuguza wangelazimika kutawanyika. Ukatoliki wa ukanda huu, uliopandwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, usingeota kabisa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wa wamisionari wale wa kwanza aliyezaliwa huku. Na idadi ya mapadre wa kaunti nzima, kuanzia Likoni mpaka Kisauni, ingepangwa na wanasiasa wanaohesabu kura.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kila sheria inayohusu dini ni mateso kwa dini. Hapo napingana nao. Baada ya zaidi ya miili 400, ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge mpaka kufa, kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 na baada yake, sisi wa pwani hatuna haki ya kusema kwamba serikali isiyaangalie kabisa yanayotendwa kwa jina la Mungu. Mtu akiwafungisha watoto mpaka wafe kwa njaa, dola inayonyamaza imeshiriki. Sheria inayolinda uhai wa muumini dhidi ya mhubiri ni kitu kimoja, na sheria inayoamua nani awe mhubiri, wangapi wawepo na waseme nini ni kitu kingine. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika kifungu cha 32 inalinda uhuru wa dhamiri na dini. Dola imejitenga na dini bila kuikanyaga. Katiba ya Querétaro iliitenga dini kisha ikaikalia.

Kwa miaka kadhaa vifungu vile havikutekelezwa kwa ukali kila mahali. Mambo yalibadilika Plutarco Elías Calles alipoapishwa kuwa rais tarehe 1 Desemba 1924. Calles aliamini kwa dhati kwamba Kanisa ni kizuizi cha maendeleo ya nchi yake, na mtu anayeamini hivyo kwa dhati ni mgumu kuzungumza naye kuliko mla rushwa. Mwezi Juni 1926 alitia saini sheria yenye vifungu 33 vya adhabu, ambayo watu waliipa jina lake, Sheria ya Calles, ianze kutumika tarehe 31 Julai. Padre aliyeonekana hadharani na mavazi ya kikasisi alitozwa faini ya peso 500. Aliyeikosoa serikali aliweza kufungwa miaka 5.

Hata hivyo, si faini wala kifungo kilichowafanya maaskofu waseme hapana. Fundo lenyewe, ambalo filamu nyingi hulipita, lilikuwa ni andikisho. Sheria ilimtaka kila padre ajiandikishe kwa mamlaka za serikali kabla ya kuhudumu. Kwa jicho la haraka jambo hilo laonekana dogo. Mbona hata daktari na wakili hujiandikisha? Lakini anayeandika majina ndiye anayeweza kuyafuta, na ndiye anayeweza kuandika jina la mtu ambaye askofu hakumtuma. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Mwezi Februari 1925, kikundi kimoja kililiteka kanisa la La Soledad katika Jiji la Meksiko na kutangaza "Kanisa Katoliki la Kitume la Meksiko", lisilomtii Papa, likiongozwa na padre mzee aitwaye Joaquín Pérez, huku serikali ikiliangalia kwa jicho jema. Na katika jimbo la Tabasco, gavana Tomás Garrido Canabal alikuwa amekwisha kudai kwamba padre asihudumu mpaka aoe. Maaskofu walipoyaweka mambo hayo matatu pamoja, yaani andikisho, kanisa la serikali na padre wa kuchaguliwa na gavana, waliona kwamba kukubali daftari ni kukubali kwamba upadre unatoka ikulu.

Ndipo walipochukua hatua ambayo bado inabishaniwa. Watu wengi husema kwamba serikali ya Calles iliyafunga makanisa. Serikali ilifunga shule, nyumba za watawa na makanisa kadhaa, na iliwafukuza mapadre wageni. Lakini ibada ya hadhara nchi nzima ilisimamishwa na maaskofu wenyewe, kwa idhini ya Papa Pius XI, kuanzia siku ile ile ambayo sheria ilianza kufanya kazi. Wiki ya mwisho ya Julai watu walifurika makanisani: watoto wa kubatizwa, vijana wa kuimarishwa, wachumba waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa kwa miaka, wazee wa kuungama. Jumapili ya tarehe 1 Agosti, kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 400, kengele za Misa hazikulia.

Walikuwa na haki ya kufanya hivyo? Wapo wanaosema kwamba maaskofu waliwanyima watu sakramenti ili kuitia serikali shinikizo. Nimelifikiria sana neno hilo na bado linaniuma, kwa kuwa najua mwanamke wa kijijini aliyekufa Septemba 1926 bila Mpako wa wagonjwa hakushiriki katika uamuzi wowote. Lakini sioni njia iliyokuwa imebaki kwao. Padre asiyejiandikisha angekamatwa altareni, na padre aliyejiandikisha angekuwa mtumishi wa Calles.

Tuwaangalie sasa waliopinga, nikianza na walioanza mapema zaidi, ambao ndio wanaosahaulika zaidi. Walei walikuwa wameunda Umoja wa Kitaifa wa Kutetea Uhuru wa Dini mwezi Machi 1925, na mwaka 1926 waliitisha mgomo wa kutonunua. Wakatoliki waliacha kwenda sinema na kwenye ngoma, waliacha kununua tiketi za bahati nasibu na vitu vya anasa, walipunguza matumizi ya umeme na safari, wakawatoa watoto katika shule za serikali. Katika jimbo la Jalisco mgomo huo uliuma kweli. Maaskofu nao walipeleka ombi Bungeni kwamba sheria ibadilishwe. Bunge likalitupa mwezi Septemba. Saini zinazokadiriwa kufikia milioni 2 zilikusanywa kuunga mkono mabadiliko, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 15, na hazikusikilizwa. Kila nikisoma kuhusu vita vilivyofuata, narudi kwenye karatasi hizo. Watu hawa walianza kwa kalamu.

Kinara wa njia hiyo alikuwa Anacleto González Flores, wakili wa Guadalajara, baba wa watoto wadogo, aliyeongoza chama kilichoitwa Umoja wa Wananchi. Alimstahi Gandhi, na aliwafundisha vijana wa Jalisco kwamba watu wakikataa kwa pamoja na kwa nidhamu, dola haiwezi kuwafunga wote. Mwishoni mwa mwaka 1926, alipoona chama chake kinavutwa vitani na wenzake, alikubali kwa uzito mkubwa wa moyo, ingawa yeye mwenyewe hakushika silaha. Tarehe 1 Aprili 1927 alikamatwa, akaning'inizwa kwa vidole gumba ili ataje alikojificha askofu wake, akakataa, akauawa siku hiyo hiyo. Ukitaka mfano wa jinsi ilivyo vigumu kuchora mstari kati ya makundi ya watu hawa, ni huyu.

Kundi la pili halikugoma wala kupigana, lilisali. Misa ilihamia sebuleni, ghalani, mapangoni. Mama mwenye nyumba alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya chakula, mtoto akawekwa dirishani kuchungulia barabara, na padre akaingia kama fundi au mfanyabiashara. Aliyejulikana zaidi kati ya mapadre hao ni Mjesuiti Miguel Pro, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya mwezi Julai 1926, majuma machache tu kabla ya ibada kusimamishwa. Alizunguka Jiji la Meksiko kwa baiskeli akiwa amevaa kiraia, akagawa Komunyo katika nyumba zilizopangwa, akaungamisha, akawapelekea maskini chakula. Tarehe 13 Novemba 1927 bomu lilirushwa kwenye gari la Jenerali Álvaro Obregón, aliyekuwa anajiandaa kurudi katika urais. Gari la waliorusha liliwahi kuwa la ndugu yake Padre Pro, na hilo likatosha. Mhandisi Luis Segura Vilchis alikiri kwamba yeye ndiye aliyepanga shambulio, lakini Padre Pro hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Tarehe 23 Novemba alitolewa nje kwenye uwanja wa makao ya polisi, akakataa kufungwa macho, akanyoosha mikono kama msalaba, akasema "Viva Cristo Rey", yaani aishi Kristo Mfalme, wakampiga risasi. Serikali ilikuwa imewaita wapiga picha waje kushuhudia, ikitaka nchi iogope. Picha hizo zilienea nyumba kwa nyumba, zikawekwa kando ya rozari.

Kundi la tatu ndilo lililotoa jina la vita. Wakulima wa Jalisco, Michoacán, Guanajuato, Colima na Zacatecas walianza kuinuka hapa na pale tangu Agosti 1926, na kufikia Januari 1927 uasi ulikuwa umeenea. Askari wa serikali waliosikia ukelele wao wa "Cristo Rey" waliwabandika jina la kejeli, wakawaita Wakristero, nao wakalipokea. Wengi walianza na mapanga, mawe na bunduki za kuwindia. Sitaeleza mapigano moja moja; inatosha kusema kwamba kufikia mwaka 1929 walikadiriwa kuwa wapiganaji wapatao 50,000, na jeshi la taifa lilikuwa limeshindwa kuwamaliza. Aliyewapanga wakawa jeshi alikuwa Enrique Gorostieta, jenerali mstaafu aliyeajiriwa kwa mshahara, mtu ambaye mwanzoni hakujulikana kwa uchaji.

Wanawake ndio waliowalisha risasi. Mwezi Juni 1927, huko Zapopan karibu na Guadalajara, vilianzishwa Vikosi vya Mtakatifu Yoana wa Arki, chama cha siri cha wasichana na kina mama kilichokua mpaka kukadiriwa kuwa na wanachama 25,000. Walishona fulana zenye mifuko mingi, wakazijaza risasi zilizotolewa kwa siri viwandani, wakapanda treni mchana kweupe wakiwa wamezivaa chini ya nguo zao. Nyanya zetu wa pwani waliojua kuficha jambo ndani ya buibui wangewaelewa wanawake hawa bila mkalimani.

Lakini vita ni vita, na sitaipamba hii kwa sababu tu upande mmoja ulilia jina la Bwana wangu. Serikali iliwatundika waliouawa kwenye nguzo za simu kando ya reli, ikawahamisha wanavijiji kwa nguvu na kuwalundika mijini, ambako magonjwa na njaa viliwaua wasiohesabika, na ikawapiga risasi mapadre kwa kosa la kukutwa na vyombo vya Misa. Upande wa Wakristero nao, mwezi Aprili 1927, kikosi kilichoongozwa na padre José Reyes Vega kilishambulia treni, mabehewa yakachomwa moto, na abiria raia wakafia humo. Padre yule alikuwa mmoja wa wachache sana walioshika silaha, na alivunja sheria ya Kanisa kwa kufanya hivyo. Waliokufa katika vita vyote, wa pande zote mbili, hukadiriwa kuwa takriban 90,000.

Maaskofu walisemaje? Waligawanyika. Wachache waliwaunga mkono wapiganaji waziwazi, wachache waliwalaumu waziwazi, walio wengi hawakuwahimiza wala kuwakataza. Fundisho la Kanisa tangu zamani linakubali kwamba watu wanaweza kujilinda dhidi ya utawala wa dhuluma ikiwa njia nyingine zote zimekwisha na kuna tumaini la kweli la kufaulu, na hapo ndipo mabishano yalipokuwa: je, zilikuwa zimekwisha? Askofu Mkuu Francisco Orozco y Jiménez wa Guadalajara hakukubali vita, lakini hakukubali pia kukimbilia nje ya nchi kama wenzake wengi. Alifuga ndevu, akavaa kikulima, akaishi mafichoni milimani katikati ya waumini wake, akiongoza jimbo lake kwa barua.

Hapa sisi watu wa Mombasa tuna kipimo chetu cha kutusaidia. Chini ya kuta za Ngome ya Yesu, mwezi Agosti 1631, mfalme wa mji huu, Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa huko Goa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliwageukia Wareno. Alikuwa na kisa. Baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, yeye akachukuliwa akiwa mtoto, na aliporudishwa kutawala alidharauliwa na makapteni wa ngome. Alimwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na hakuna mwenye haki atakayesema kwamba Wareno hawakuwa wamepanda walichovuna. Lakini baada ya askari, zamu ilifika kwa Wakristo wasio na silaha, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto, waliotakiwa waiache imani yao, na wengi waliokataa wakauawa. Ushahidi wa kesi yao ulikusanywa Goa mwaka uliofuata. Jambo hili lilikuwa la mtawala mmoja na kisasi chake, wala si la Waislamu wa Mombasa kwa jumla. Tumeishi ukuta kwa ukuta karne nyingi tangu hapo. Ninalolitaja kwa ajili yake ni hili: kapteni aliyeuawa na upanga kiunoni hakuitwa mfiadini, ila mama aliyeulizwa "utaacha?" akasema "siachi" ndiye aliyetafutiwa jina hilo. Na manung'uniko ya mfalme, hata yalivyokuwa ya kweli, hayakumgusa mama yule hata kidogo.

Kipimo hicho ndicho kilichotumika kwa Wameksiko. Tarehe 21 Mei 2000, Papa Yohane Paulo II aliwatangaza watakatifu 25 wa mateso yale, mapadre 22 na walei 3, na waliokufa wakipigana hawakuwekwa humo. Anayetajwa wa kwanza ni Padre Cristóbal Magallanes, mwana wa wakulima aliyekuwa amefungua seminari ya siri huko Totatiche wakati seminari zimefungwa. Alihubiri na kuandika dhidi ya kushika silaha. Akakamatwa Mei 1927 akiwa njiani kwenda kuadhimisha Misa, akashtakiwa kwa kuchochea uasi ule ule alioukataza, akapigwa risasi Colotlán tarehe 25 bila kesi. Kabla ya kufa alisema kwamba anakufa bila hatia, na kwamba anamwomba Mungu damu yake iwaunganishe ndugu zake Wameksiko. Padre Pro alitangazwa mwenye heri mwaka 1988, na Anacleto mwaka 2005.

Yule anayewachanganya watu ni José Sánchez del Río wa Sahuayo, kijana wa miaka 14. Alikuwa na Wakristero, ndiyo, lakini mama yake alikuwa amemkataza mwanzoni na jenerali alimpa kazi ya kubeba bendera. Katika pambano moja la mwaka 1928 alimpa jenerali farasi wake ili aokoke, akatekwa. Walimfungia katika kanisa alikobatizwa, ambalo mwanasiasa mmoja, msimamizi wake wa kiroho, alikuwa amelifanya zizi la majogoo wake wa mapigano. Waliomteka walimwahidi uhai ikiwa ataikana imani. Usiku wa tarehe 10 Februari walimchuna nyayo, wakamtembeza kwa miguu hiyo mpaka makaburini, wakimwuliza tena na tena. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Oktoba 2016. Kanisa halikumtangaza kwa ajili ya bendera. Lilitazama saa zile za mwisho, alipokuwa mfungwa asiye na kitu mkononi na mlango uko wazi mbele yake kwa neno moja tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule, lililochelewa mwaka mzima, ni kwamba Wakristero wenyewe, kama jeshi, Kanisa halijawahi kuwaita watakatifu wala waasi. Mimi binafsi siwezi kumlaumu mkulima wa Jalisco aliyemwona padre wake ametundikwa nguzoni, akaenda kufukua bunduki ya babu yake. Sijui ningefanya nini. Ila najua kwamba mfiadini ni neno lenye mipaka, na kulitandaza juu ya kila aliyekufa ni kuwapunja wale waliokataa kuua walipoweza kuua.

Vita viliisha kwa namna iliyowaacha wapiganaji na uchungu. Balozi wa Marekani, Dwight Morrow, aliyefika mwishoni mwa 1927, alitaka utulivu kwa ajili ya nchi yake na mafuta yake pia, akazikutanisha pande mbili. Obregón aliuawa na Mkatoliki mmoja Julai 1928, mazungumzo yakakwama, kisha yakaendelea chini ya rais wa muda, Emilio Portes Gil. Gorostieta, aliyepinga makubaliano yoyote ambayo hayabadilishi sheria, aliuawa tarehe 2 Juni 1929. Tarehe 21 mwezi huo huo, Askofu Mkuu Leopoldo Ruiz y Flores na Askofu Pascual Díaz walikubaliana na rais. Serikali ilisema kwamba haitaandikisha padre asiyetumwa na mkubwa wake, na kwamba katekisimu itafundishwa ndani ya makanisa. Hakuna kifungu hata kimoja cha sheria kilichofutwa. Kengele zililia tena, watu wakalia nazo, na Wakristero, ambao hakuna aliyewauliza, walisalimisha bunduki zao kwa kuwa maaskofu walisema hivyo. Wengi wa viongozi wao waliuawa mmoja mmoja majumbani mwao miezi na miaka iliyofuata, licha ya msamaha walioahidiwa. Papa Pius XI mwenyewe, katika waraka wa mwaka 1932, alilalamika kwamba makubaliano yamevunjwa.

Vifungu vile vya Querétaro vilibaki katika katiba kwa miongo sita zaidi, mara vikitumika kwa ukali, mara vikilala. Papa Yohane Paulo II alipoitembelea Meksiko Januari 1979 na kuadhimisha Misa mbele ya umati nje ya makanisa akiwa na mavazi yake meupe, kila hatua aliyopiga ilikuwa inavunja sheria, na serikali ilitazama pembeni. Ni mwaka 1992 tu ambapo katiba ilirekebishwa, Kanisa likatambuliwa kisheria, na mapadre wakarudishiwa haki ya kupiga kura. Mtoto aliyebatizwa kwa haraka katika wiki ile ya mwisho ya Julai 1926, kama alikua akawa padre, alikuwa na umri wa karibu miaka 66 nchi yake ilipomkubali kuwa raia kamili.